UZI: Hema la glampingi (kambi ya starehe) ufukweni kisiwani Assateague linalowa kwa ndani bila mvua. Ni pumzi, chumvi au mchanga?

#1 Delmarva254
Wakuu, habari. Swali kwa wanaopiga kambi pwani ya huku Maryland, Delaware na Virginia.

Hema ni la turubai la pamba tupu, la duara, kipenyo mita 5, kitambaa gramu 285 kwa mita ya mraba, nguzo moja katikati, sakafu ya plastiki ya PVC ya kufunga kwa zipu. Ndani kuna kitanda cha maana, zulia, meza, taa za betri. Glampingi kamili, si ile ya kulala na kokoto mgongoni. Limesimama upande wa bahari Assateague, katikati ya Julai, watu wanne ndani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mchanga unaopeperuka. Anga jeupe usiku kucha. Ikifika saa kumi na moja alfajiri paa linadondosha matone kwa ndani, ukingo wa zulia umelowa, shuka zina majimaji.

Hema hilohilo, watu haohao wanne, likipelekwa milimani Shenandoah halifanyi hivyo. Kwa hiyo hoja ya pumzi naikataa mapema. Dai langu: maji yanatoka mchangani. Kile kisiwa ukifukua sentimita 20 tu, mchanga ni mbichi. Jua linaupasha mchana, usiku mvuke unapanda. Anayepinga aje na hesabu.

#2 MwanaAnga
Hesabu hizi hapa. Julai maji ya bahari pale ni nyuzi 22 hadi 24 za Selsiasi. Hewa inayotoka huko imebeba mvuke mwingi, kiwango chake cha umande ni nyuzi 20 hadi 23. Maana yake, kitu chochote kikipoa hadi nyuzi hizo, mvuke unageuka maji juu yake. Usiku hewa yenyewe inashuka hadi 22 au 23 hivi. Turubai linaloangalia anga tupu linapoteza joto kwenda juu na kuwa baridi kuliko hewa kwa nyuzi 2 hadi 4. Umeshavuka mstari. Ni umande, basi, kama ule wa kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Shenandoah kambi nyingi ziko chini ya miti. Matawi yanalizuia hema lisipoteze joto kwenda angani. Upande wa bahari Assateague hakuna mti wa kukukinga.

#3 Kijukuu_Baltimore
#2 umeeleza vizuri kwa nini turubai linapoa. Hujaeleza kwa nini linalowa KWA NDANI. Umande wa nje unakaa nje.

Mtu aliyelala hutoa gramu 30 hadi 40 za mvuke kwa saa, kwa pumzi na ngozi pamoja. Watu wanne, saa nane, hiyo ni takriban lita moja. Madirisha yamefungwa. Lita moja ya maji ndani ya chumba cha mita 5, mkuu, unategemea iende wapi? Ongeza taulo zilizotoka baharini na nguo za kuogelea zilizoning'inizwa kwenye nguzo. Taulo moja kubwa lililokamuliwa kwa mkono linabaki na nusu lita bila shida.

Mchanga umesingiziwa.

#4 Bi_Chumvi
Naona wanaume mnapimana akili huku jibu liko kwenye ulimi. Lambeni turubai.

Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji yenyewe na kuyeyuka unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75. Ufukweni usiku unyevu uko juu ya 90. Hema lililokaa siku tatu kwenye mvuke wa mawimbi lina chumvi kila uzi. Linakunywa maji ya hewa hata kama halijapoa chini ya kiwango cha umande. Ndiyo maana hema jipya siku ya kwanza ufukweni huwa kavu kidogo, siku ya tatu ni majimaji. Pumzi ni zilezile, mchanga ni uleule, kilichoongezeka ni chumvi.

Dawa: kulisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, bila sabuni. Sabuni inaondoa dawa ya kuzuia maji, kisha turubai linavuja kwelikweli.

#5 Shemeji_Rehoboth
Eti lambeni turubai 😂😂 Nimeleta kiti, naendelea kusoma.

#6 FundiTurubai (Arusha)
Habari za huko ughaibuni. Huku mahema ya watalii hayaachwi turubai tupu likitazama anga. Chumba cha turubai kiko chini, na juu yake kuna paa la pili, likiwa la PVC, la wavu wa kivuli au la makuti, lenye nafasi ya hewa ya sentimita 20 au zaidi kati ya hivyo viwili. Paa la juu ndilo linalopoa na kulowa. La ndani linabaki na joto la hewa. Kwa hiyo aliyosema #2 ni kweli kwa upande wa chanzo, na dawa yake si kufungua dirisha bali kuweka paa la pili.

Maswali kwa mwenye uzi:
1. Turubai lilishawahi kuloweshwa na kukaushwa kabla ya safari? Pamba mpya ina vitundu vya sindano kwenye mishono. Ikilowa uzi unavimba na kuziba. Hema ambalo halijaloweshwa mara mbili au tatu linatoa matone kwenye mishono, na mtu anadhani ni mvuke.
2. Kamba ni za nini? Za pamba zikilowa zinajikaza. Za nailoni zikilowa zinalegea. Za poliesta hazibadiliki sana. Kama ni nailoni, kufika alfajiri paa limelegea, limebonyea, na kila tone lililokuwa linateleza ukutani sasa linakusanyika kwenye bonyeo na kudondokea kitandani.
3. Ile sakafu ya chini, ya kinga, imetokeza nje ya hema?

#7 Delmarva254
Asante fundi. Kamba ni nailoni nyeupe, zilikuja na hema. Sakafu ya kinga imetokeza kama sentimita 10 pande zote. Kulowesha na kukausha lilishafanyiwa.

#3, kama ni lita moja ya pumzi, Shenandoah watu waliacha kupumua?

#8 Kijukuu_Baltimore
Shenandoah madirisha yalifungwa? Hukusema. Hakuna mchanga wa kupeperuka kule. Nasubiri jibu.

#9 FundiTurubai (Arusha)
Sakafu iliyotokeza ni kosa la wengi. Umande unaoshuka ukutani unaangukia kwenye hiyo sentimita 10, unapita chini ya hema na kukaa kati ya plastiki mbili. Ukilala juu yake godoro linapata ubaridi hata kama maji hayajapenya. Ikunje kwa ndani, iwe ndogo kuliko hema kwa sentimita 5 hadi 10 kila upande.

#10 Salisbury_Mdogo
Mmesahau viyoyozi. Viwanja binafsi vya glampingi kuanzia Ocean City hadi Cape Charles wanaweka kiyoyozi ndani ya hema. Mteja anakiweka nyuzi 18 kwa sababu amelipia. Hewa ya nje ina kiwango cha umande cha 22. Turubai lote linakuwa baridi, maji yanajaa upande wa NJE na pamba inayanyonya hadi ndani. Asubuhi ukuta wa nyuma ya kiyoyozi unachuruzika na zulia lina kuvu baada ya wiki mbili.

Weka nyuzi 24 au 25, feni ndogo isukume hewa kuelekea paani, kitanda kikae angalau sentimita 30 kutoka ukutani. Bomba la maji ya kiyoyozi litoke nje na kuelekea mteremkoni, lisiishie chini ya sakafu. Waya wa kurefusha uwe mnene, geji 12, usiwe ule mwembamba wa taa za Krismasi. Kiyoyozi cha BTU 10,000 kinavuta ampea 8 hadi 10 kwa volti 120, waya mwembamba unapata moto chini ya zulia.

#11 Dada_Norfolk
Kwa viwanja vya serikali hilo la kiyoyozi halihusu wengi. Kambi ya taifa pale Assateague haina umeme wa kuchomeka. Hifadhi ya jimbo iliyo jirani yake ina viwanja kadhaa vyenye umeme, vinawahiwa mapema mno. Hifadhi za jimbo la Maryland unaweza kuweka nafasi mwaka mmoja kabla, za taifa miezi 6 kabla. Anayeanza kutafuta Juni kwa ajili ya Julai atapata Jumanne yenye mbu.

#12 Mgeni_wa_Richmond
Samahani kuingilia. Kwa nini mnabanana Maryland? Kisiwa si kinaendelea hadi Virginia, upande wa Chincoteague? Hema si linaweza kuwekwa huko, na ndiko wale farasi wa mwituni wa kisiwani wanakoogelea.

#13 Dada_Norfolk
Haliwezekani. Upande wa Virginia karibu wote ni Chincoteague National Wildlife Refuge, hifadhi ya wanyamapori iliyoanzishwa 1943, na hakuna kulala humo. Unalala mjini Chincoteague, kisiwa kingine, kwenye viwanja binafsi, unavuka daraja asubuhi. Kulala ufukweni Assateague ni Maryland tu.

Farasi kuogelea ni kweli ni Virginia, Jumatano inayotangulia Alhamisi ya mwisho ya Julai. Kundi lile ni mali ya kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha Chincoteague, kibali chao ni farasi wakubwa 150, na wengi wa watoto wao wanapigwa mnada kesho yake. Kundi la Maryland liko chini ya hifadhi ya taifa, halipigwi mnada, idadi yake imekuwa ikidhibitiwa kwa chanjo ya kuzuia uzazi inayopigwa kwa bunduki ya mshale. Kati ya makundi kuna uzio mpakani mwa majimbo.

Wiki hiyo usithubutu kutafuta kitanda Chincoteague.

#14 Shemeji_Rehoboth
Na hao farasi ndio waliofanya serikali izuie hoteli pale, la sivyo Assateague ingekuwa Ocean City ya pili.

#15 MwanaAnga
Hapana shemeji. Viwanja vilishapimwa na kuuzwa kwa maelfu, barabara ya lami ilishawekwa. Dhoruba ya Machi 1962 ikakaa siku tatu, ikapitisha bahari juu ya kisiwa na kuifumua ile lami. Mwaka 1965 ndipo ikatangazwa hifadhi ya taifa. Vipande vya lami bado vinaonekana kwenye njia ya matuta. Hata lile lango la maji linaloitenga Assateague na Ocean City lilifunguliwa na kimbunga cha 1933. Kisiwa kile kinahama, kwa hiyo mtu asichague sehemu ya hema kwa kuangalia picha ya miaka mitano iliyopita.

#16 MtuWaMafia
Tahadhari kwa waliozaliwa pwani yetu. Nyumbani tumezoea maji kupwa na kujaa mita 3 na zaidi kwenye bamvua, unaona kabisa bahari imeondoka. Huku ni kama mita 1 tu. Mtu anaona alama ya maji iko karibu, anadhani bahari ya huku ni mpole, anasogeza meza na viti vya glampingi hadi pale. Hatari ya huku si kujaa kwa kawaida, ni upepo wa kaskazini mashariki unaovuma siku mbili tatu na kurundika maji. Maji hayo yanafika kwenye tuta, na upande wa ghuba nyuma yako yanapanda pia. Angalia utabiri wa upepo kabla ya jedwali la maji.

#17 Mzee_Kigingi
Nimesoma yote, hakuna aliyegusa kigingi. Vile vigingi vya chuma vya sentimita 20 vinavyokuja na hema ni mapambo. Kwenye mchanga mkavu unaving'oa kwa vidole viwili.

Chaguo la kwanza: vigingi vipana vya umbo la V au U, sentimita 45 hadi 60. Chaguo la pili, ambalo ni bora kwa hema la turubai kwa sababu ya uzito wa upepo, ni kuzika mfuko. Chukua mfuko imara wa kitambaa, jaza mchanga kilo 10 hivi, funga kamba katikati yake. Chimba shimo sentimita 50, laza mfuko kwa mapana, yaani ukingame mwelekeo wa kamba. Chimba mfereji mwembamba ili kamba itoke kwa mshazari kuelekea hema. Usipochimba mfereji kamba inapinda kwenye ukingo wa shimo, ikivutwa inakata mchanga na kulegea yenyewe. Fukia, mwagia maji, kanyaga. Ukiondoka, fukua mifuko yote na ujaze mashimo.

Chini ya nguzo ya katikati weka ubao wa sentimita 30 kwa 30. Bila ubao nguzo inazama, paa linalegea, na hapo tunarudi kwenye bonyeo la fundi #6. Mwenye uzi hajasema kama ana ubao.

Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Kigingi kilichovumilia maili 20 kwa saa hakijakuahidi chochote kwa 40.

#18 Delmarva254
Ubao upo. Nguzo haikuzama. Mzee hapo umenikosa.

#19 Bi_Chumvi
Mzee Kigingi, mlango uelekee wapi?

#20 Mzee_Kigingi
Kusini mashariki. Radi za jioni za kiangazi zinakuja kutoka magharibi au kaskazini magharibi na zinaanza na mkupuo mmoja wa upepo. Dhoruba za masika na vuli ni kaskazini mashariki. Mlango ndio sehemu dhaifu ya hema la duara. Na radi ikianza, hema si kinga, kaa ndani ya gari.

#21 Bi_Chumvi
Na kusini mashariki ndiko upepo wa bahari wa mchana unakotokea, na chumvi yote. Umewapa watu mlango wa kuingizia chumvi kitandani.

#22 Mzee_Kigingi
Mlango una zipu, bibi.

#23 Bi_Chumvi
Zipu ikipata chumvi na mchanga haifungi, babu. Pitisha nta ya mshumaa kwenye meno yake kabla ya safari, na uisuuze kila jioni. Mafuta ya kula usiweke, yanashika mchanga.

#24 Shemeji_Rehoboth
Hawa wawili waozeshwe tu, mahari iwe kilo 10 za mchanga.

#25 Kupe_Hatari
Mnaambiana fungua madirisha, fungua matundu ya juu, hamjataja wadudu. Hapo ndipo mpango wa kukausha hema unapofia.

Upepo ukitoka baharini, wadudu ni wachache. Ukigeuka kutoka magharibi unaleta nzi wa zizini, anafanana na nzi wa nyumbani lakini anauma vifundo vya miguu hata kupitia soksi. Julai wanaongezeka nzi wakubwa wa macho ya kijani kutoka kwenye vinamasi vya chumvi. Farasi kuja ufukweni kiangazi si kwa ajili ya kupiga picha na wewe, wanakimbia hao nzi. Upande wa ghuba una mbu wa kinamasi, nao wanauma hata mchana kwenye kivuli. Na kuna visubi. Visubi wanapita kwenye wavu wa kawaida wa dirisha. Wavu mwembamba wa kuwazuia unapunguza hewa kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo hema linabaki na unyevu wote aliouhesabu #3. Chagua: kulowa au kuumwa.

Nguo zipulizwe permethrin, dawa ya kuua wadudu, ya asilimia 0.5, nje, zikauke kabisa kabla ya kuvaa. Inadumu wiki 6 hivi au kufua mara 6. Ikiwa mbichi ni sumu kwa paka. Ngozini tumia DEET, dawa ya kufukuza wadudu, ya asilimia 20 hadi 30, na usiimwagie kwenye vitu vya plastiki, inaviyeyusha.

Kupe: yule wa paa (mnyama, si paa la hema) ndiye wa ugonjwa wa Lyme. Yule mwenye doa jeupe mgongoni anaweza kukuachia mzio wa nyama ya ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Kaa katikati ya njia, usipite kwenye majani.

#26 MtuWaMafia
Mzio wa nyama ya mbuzi?! Huyo kupe ni adui wa taifa.

#27 Kupe_Hatari
Samaki na kuku unaendelea. Ng'oa kwa kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta, utamfanya atapike ndani ya jeraha.

#28 Mgeni_wa_Richmond
Na chakula? Deli la barafu likae nje au ndani ya hema?

#29 Dada_Norfolk
Ndani ya gari, gari limefungwa. Farasi wa pale wanafungua deli kwa pua na kwato, na wakisikia harufu ya chakula ndani ya hema wanaingia kupitia ukutani, hawasubiri mlango. Umbali wa kisheria ni futi 40, kama mita 12. Wanang'ata na kupiga teke. Akija yeye, ondoka wewe.

Ukitaka kulala ufukweni bila farasi wala turubai, Kiptopeke, ncha ya chini ya Eastern Shore ya Virginia, wana yati, hema la duara lenye sakafu ya mbao na kuta za kimiani. Mbele yake ziko zile meli 9 za zege za wakati wa vita kuu ya pili, zimezamishwa kuvunja mawimbi. Ni upande wa ghuba, mawimbi madogo, chumvi kidogo hewani. Anayetaka kinyume chake kabisa aende False Cape, hifadhi ya jimbo la Virginia upande wa bahari. Hakuna gari, ni miguu, baiskeli au mashua, na kila kitu unabeba.

#30 Salisbury_Mdogo
Nyongeza kwa wanaotaka kuingiza gari mchangani Assateague: kibali maalumu, gari la magurudumu manne yanayosukuma, upepo wa matairi ushushwe hadi 15 au 20 psi. Walinzi wanakagua kama una koleo, jeki, ubao wa kuweka chini ya jeki, kamba ya kuvutia na kipimo cha upepo wa tairi kinachosoma viwango vya chini. Ukirudi lamini jaza kwanza, usiendeshe barabara kuu na matairi yamelegea.

#31 MwanaAnga
Turudi kwenye mada. Jaribio rahisi la kumaliza ubishi. Kata vipande viwili vya plastiki angavu, sentimita 60 kwa 60. Kimoja bandika kwa gundi ya utepe pande zote juu ya sakafu ya PVC ndani ya hema. Kingine tandaza nje kwenye mchanga, fukia kingo. Angalia alfajiri. Maji chini ya kile cha ndani = yanapenya kutoka ardhini. Maji juu yake = yanatoka hewani.

#32 Delmarva254
Jaribio limefanyika. Cha nje kimejaa matone kwa CHINI, unaweza kuchora kwa kidole. Mchanga unatoa mvuke, nilisema. Cha ndani kimelowa juu, chini kikavu.

#33 Kijukuu_Baltimore
Umejihukumu mwenyewe. Juu maji, chini kavu. PVC haipitishi. Maji ni ya hewani, na hewani yametoka mapafuni.

#34 Delmarva254
PVC haipitishi, lakini sakafu ni ya zipu, na kati ya zipu na ukuta kuna mwanya pande zote. Mvuke wa mchanga unapita pembeni, ndiyo maana ukingo wa zulia ndio unaoanza kulowa, si katikati penye watu wanaopumua. Jibu hilo.

#35 FundiTurubai (Arusha)
Ukingo unaanza kulowa kwa sababu ukuta unachuruzika ukingoni. Maji hayapandi kwenda katikati.

#36 Bi_Chumvi
Hakuna aliyepima turubai lililosuuzwa na lisilosuuzwa. Chukua vitambaa viwili vya turubai hilohilo, sawasawa kwa ukubwa, kimoja suuza, vyote vikauke. Vipime kwenye mizani ya jikoni, vitundike usiku chini ya paa ili umande usiviguse, vipime tena alfajiri. Cha chumvi kitazidi. Mkifanya hilo ndipo mnikatalie.

#37 MwanaAnga
Kitazidi, sikatai. Kwa gramu ngapi? Na gramu hizo zinatosha kudondosha matone? Chumvi inafanya kitambaa kiwe na unyevu. Kudondosha ni kazi nyingine.

#38 Salisbury_Mdogo
Kwa wanaosoma uzi huu wakiwaza Aprili na Oktoba: msilete jiko la gesi lisilo na bomba la moshi kama dawa ya unyevu. Kila kilo 1 ya propani ikiungua inatoa kilo 1.6 ya maji. Ule mtungi mdogo wa kijani wa gramu 465 unawaongezea robo tatu ya lita ndani ya hema. Na kaboni monoksidi haina harufu. Kama ni lazima, washa kabla ya kulala, matundu ya juu na ya chini yakiwa wazi, kengele ya kaboni monoksidi ya betri ikiwa imetundikwa, kisha zima. Jiko la kuni lenye bomba linakausha kweli kwa sababu maji yanayozalishwa na moto yanatoka na moshi, ila uliza walinzi kwanza kama wanaruhusu moto ndani ya hema.

#39 Dada_Norfolk
Na kuni nunua hukohuko. Usibebe kutoka nyumbani, wadudu wanaoua miti wanasafiri ndani ya magogo. Moto wa mchangani uzime kwa maji, si kwa kuufukia. Mchanga unahifadhi joto kwa saa nyingi na mtoto akikanyaga asubuhi ni hospitali.

#40 Mgeni_wa_Richmond
Swali la mwisho. Ukiwa unaishi ghorofani, hema la mita 5 lililolowa unalikausha wapi? Mwenye nyumba haruhusu kitu kwenye reli ya veranda.

#41 FundiTurubai (Arusha)
Usiliache limekunjwa zaidi ya saa 24, siku mbili ni mwisho. Doa jeusi la kuvu likishaingia kwenye pamba halitoki bila dawa kali, na dawa kali inaua kinga ya maji. Kama siku ya kuondoka jua lipo, chelewesha kuvunja kambi hadi saa tano, geuza pindo la chini juu ya kamba ili upepo upige ndani. Ghorofani, tandaza vipande kwa zamu juu ya milango na viti, feni imewashwa, ukianza na mishono na pindo la chini, hapo ndipo maji yanapojificha.

#42 Delmarva254
Fundi, na zile kamba za nailoni nibadilishe poliesta ya unene gani?

#43 Mzee_Kigingi
Milimita 6. Yenye uzi unaong'aa, watu wasijikwae usiku wakienda chooni.